Makala Fupi ya Utafiti: Somo Tulilolipata Kuluva

Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alirudi kutoka Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, akiwa na madaftari manne yaliyojaa mazungumzo ya wachuuzi. Swali lake lilikuwa zuri. Alikuwa amewasikia wachuuzi wakiulizana "Mama iko?" na kujibiwa "Iko", pale ambapo vitabu vyetu vya sarufi vinataka "yupo". Lugha ya kwanza ya wengi wao ni Kilugbara, ambayo si lugha ya Kibantu na haina ngeli kama zetu, kwa hiyo kusikia "iko" moja kwa watu, magunia na fedha si jambo la kushangaza. Kilichomvutia ni kwamba baadhi ya wachuuzi hao hao, walipozungumza na mwalimu au na afisa wa forodha, walisema "yupo" bila kukosea. Je, "iko" yao ni kutojua, au ni uchaguzi?

Tasnifu yake ilikuwa na kurasa 140, nayo ikapita. Tukamshauri atoe makala humo na kuipeleka kwenye jarida. Jarida lilitaka maneno yasiyozidi 3,000. Baada ya miezi miwili alituletea rasimu, nasi, tukiri, tuliisoma harakaharaka na kumwambia aitume. Ilianza na asili ya Kiswahili pwani, ikapanda na misafara hadi bara, ikapitia jeshi la kikoloni, ikaeleza nadharia mbili za isimujamii, ikaomba radhi kwa ufinyu wa nafasi, na "iko" yenyewe ikajitokeza ukurasa wa kumi na moja. Mhariri aliirudisha kwa sentensi moja: mwandishi aeleze amegundua nini.

Hatumlaumu kijana huyo, maana sisi walimu ndio tuliomzoesha. Tunafundisha tasnifu miaka miwili, kisha tunategemea makala fupi ijiandike yenyewe kwa kukata hapa na pale. Tulipokaa naye kutafuta mifano ya kuiga, tulikumbuka jambo ambalo watu wa idara za lugha hatulizungumzi: Vurra hiyo hiyo alikokwenda kusikiliza "iko" imo katika historia ya makala fupi za kisayansi zilizosomwa sana duniani. Ndani ya Vurra, kwenye barabara itokayo Arua kwenda Nebbi, iko Hospitali ya Kuluva. Daktari wake wa siku nyingi, Ted Williams, alishiriki katika utafiti wa saratani ya watoto ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Tumezisoma makala kadhaa za mkondo huo kama watu wa lugha. Udaktari tunawaachia wenyewe; tulichotafuta ni jinsi zilivyoandikwa.

Tuanze na ya Denis Burkitt mwenyewe. Mwaka 1957 alikuwa daktari mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, pale mwenzake Hugh Trowell alipomwita amwone mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Muda si mrefu baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Mmoja ungemwita ajabu. Wawili wakamfanya afungue kumbukumbu za hospitali. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza kuhusu sakoma ya taya kwa watoto wa Kiafrika. Ina kurasa sita. Ndani yake mna watoto 38.

Kurasa sita hizo zinaeleza uvimbe huonekana wapi mwilini, watoto ni wa umri gani, na kwamba vivimbe vya mataya na vile vya tumboni, ambavyo madaktari walizoea kuviandika kama magonjwa mbalimbali, vyaelekea kuwa ugonjwa mmoja. Hilo la mwisho ndilo jambo jipya. Yaliyobaki yote yanalitumikia.

Hata hivyo makala hiyo ina makosa, na makosa yake yanatufaa kuliko sifa zake. Neno "sakoma" lililo katika anwani halikuwa sahihi. Mwaka 1960 wanapatholojia Gregory O'Conor na Jack Davies, waliofanya kazi Kampala, walionyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma. Kwa hiyo jina kubwa kwenye anwani lilidumu miaka miwili tu. Mbona makala haikufa nalo? Kwa sababu Burkitt alikuwa ameeleza alichokiona mbali na alivyokiita. Msomaji aliyelikataa jina aliweza bado kuitumia hesabu ya watoto 38 na mataya yao. Hebu jaribu kufanya hivyo na makala zetu nyingi. Ukiiondoa nadharia, hubaki data ambayo mtu mwingine angeweza kuishika, kwa sababu kila mfano umekwisha kutafsiriwa na nadharia kabla msomaji hajauona.

Kosa la pili ni "watoto wa Kiafrika". Watoto wale walikuwa wa Uganda. Bara zima liliingia kwenye anwani kwa mlango wa nyuma, na baadaye ugonjwa huo ukaonekana pia Papua New Guinea, mbali kabisa na Afrika. Tunalitaja hili kwa sababu tumekwisha kupokea makala yenye anwani "Kiswahili cha Uganda" iliyotokana na stendi moja ya mabasi.

Burkitt mwenyewe alilitambua pengo hilo, naye akalijibu kwa namna isiyo ya kukaa ofisini. Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi akiuliza kama madaktari wamewaona watoto wa aina hiyo. Kisha Oktoba 1961, yeye, Williams wa Kuluva na daktari mwingine, Clifford Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu la Ford na kusafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000, wakipitia zaidi ya hospitali 50 kusini na mashariki mwa Afrika. Walichotafuta ni ukingo: ugonjwa unaishia wapi? Waliona kwamba hauonekani sana nyanda za juu zenye baridi wala mahali pakavu. Safari nzima hiyo, kwa lugha ya makala, ni ramani moja na maelezo yake. Mwanafunzi wetu alipolisikia hili alituuliza, kwa uchungu kidogo, je, afute maelezo ya jinsi alivyofika Vurra kwa basi? Tulimwambia ndiyo.

Mwaka 1961 pia, katika mhadhara London, kijana mmoja mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, alimsikia Burkitt na kuanza kuletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitoa katika The Lancet makala ya kurasa mbili: wameona chembe za kirusi katika seli zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe huo. Basi. Hawakutangaza kwamba kirusi ndicho kisababishi. Kurasa mbili zilitosha kwa sababu dai lilikuwa la ukubwa wa kurasa mbili.

Hapa ndipo tunapotofautiana na ushauri unaotolewa sana kwenye warsha za uandishi, kwamba makala fupi ni suala la kufuta vivumishi na kufupisha sentensi. Kufuta vivumishi ni vizuri, lakini huwezi kuifanya makala yenye maswali matano iwe fupi kwa kupunguza maneno. Utapata maswali matano yenye njaa. Ufupi huamuliwa siku unapochagua swali. Epstein na wenzake walikuwa na maswali mengine mengi kichwani, bila shaka. Waliyaacha nje.

Sasa turudi Kuluva, ambako jambo lenyewe linanoga. Williams aliweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa: mtoto aliishi wapi ugonjwa ulipoanza, na ulianza lini. Mambo mawili tu. Mwaka 1967 yeye, Malcolm Pike na mwenzao Wright walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza makala juu ya wagonjwa wa West Nile wa miaka 1961 hadi 1965. Swali lao: je, watoto walioishi karibu waliugua pia kwa kukaribiana? Njia yao hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuielewa. Wachukue wagonjwa wawili wawili. Hesabu ni jozi ngapi zilizo karibu kwa mahali na kwa wakati. Linganisha na idadi ambayo ingetarajiwa kama mambo yangetokea kwa bahati nasibu. Walikuta jozi nyingi kuliko bahati. Wagonjwa walikuwa wamerundikana, kana kwamba kitu fulani kilipita mahali fulani wakati fulani.

Ni ugunduzi wa kusisimua, na mtafiti mwenye haraka angetangaza kwamba saratani inaambukiza. Kilichofuata ndicho tunachotaka wanafunzi wakione. Mwaka 1973 Brubaker, Geser na Pike, huyo huyo Pike wa makala ya kwanza, walitoa makala ya kurasa nne katika jarida la saratani la Uingereza kuhusu wilaya ya North Mara, Tanzania, miaka 1964 hadi 1970. Anwani yake inasema waziwazi kwamba wameshindwa kupata ushahidi wa mrundikano. Wameshindwa, na wakaliandika neno hilo kwenye anwani!

Tulipoisoma anwani hiyo kwa sauti katika mkutano wa idara, mwenzetu mmoja alicheka akasema kwetu mtu akishindwa hupeleka barua ya kuomba muda zaidi. Utani huo una ukweli unaouma. Katika miaka tuliyosimamia tasnifu za Kiswahili hatukumbuki hata moja iliyohitimisha kwamba nadharia tete yake imeanguka. Zote huthibitika. Mwanafunzi akitabiri kwamba wasichana hutumia lugha ya staha kuliko wavulana, atakuta wanaitumia. Jambo hilo lingemfanya mtakwimu yeyote ainue nyusi. Sisi tumelizoea, na wahariri wetu wamelizoea pia, kwa kuwa mswada unaosema "tulitafuta hatukuona" huonekana kwao kama mswada usio na kitu.

Lakini angalia kazi iliyofanywa na kurasa nne zile. Kwa sababu makala ya 1967 ilikuwa imesema swali moja, kwa mahali palipotajwa na miaka iliyotajwa, wengine waliweza kuuliza swali lile lile Mara na kulinganisha. Kisha mwaka 1978 Williams na wenzake wakarudi kwenye West Nile yao na kupima miaka 1961 hadi 1975 yote pamoja. Wakakuta mrundikano ni dhahiri katika vipindi fulani, na katika miaka ya katikati haukuonekana. Ugunduzi wa kwanza haukufutwa, ulipewa mipaka. Ungekuwa umefichwa katikati ya kitabu cha kurasa 300 juu ya "hali ya afya Afrika Mashariki", nani angeweza kuupima upya?

Mwaka huo huo wa 1978, katika Nature, Guy de-Thé akiwa na wenzake, miongoni mwao Williams na mtaalamu wa virusi P. M. Tukei, walieleza utafiti ambao watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu, kisha wakafuatiliwa kuona ni nani ataugua. Waliougua walikuwa wachache mno, lakini damu yao ya awali ilionyesha dalili za juu za kirusi kile cha Epstein, kabla ya uvimbe kutokea. Makala hiyo nayo ina kurasa sita. Mwanafunzi wetu alihoji wachuuzi kumi na wawili akaandika kurasa 140. Tulifanya hesabu hiyo mbele yake kwa mzaha, na yeye, kwa haki kabisa, akatukumbusha ni nani aliyemwambia sura ya pili ni fupi mno.

Wapo wenzetu wanaopinga mlinganisho huu. Wanasema daktari anaandikia watu wanaokubaliana juu ya maana ya "uvimbe", ilhali mhakiki wa fasihi au mwanaisimujamii lazima kwanza ajenge uwanja anaosimama. Hoja hiyo ina uzito, na hatudai kwamba uhakiki wa riwaya unaweza kubanwa kwenye kurasa mbili zenye jedwali. Hata hivyo, uwanja wa "iko" umejengwa zamani. Msomaji wa Kioo cha Lugha au wa Mwanga wa Lugha hahitaji kuelezwa tena ngeli ni nini. Tena sisi tuna mila yetu ya maandishi mafupi tuliyoisahau: jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina asili yake katika jarida la Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambamo dokezo fupi juu ya neno au matumizi lilikuwa na nafasi yake bila kuomba radhi.

Pamoja na sifa zote hizo, kuna kitu katika makala hizi za West Nile ambacho hatutaki wanafunzi wakiige. Ufupi una mkasi, na mkasi huo huanza na watu wasio na sauti. Mfano ulio wazi zaidi hauhusu saratani. Mwaka 1937 watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile, wakapata humo kirusi kisichojulikana. Makala ya Smithburn, Hughes, Burke na Paul ilitoka mwaka 1940, na anwani yake inamtaja mama huyo kama "mwenyeji wa Uganda" tu, kwa lile neno la Kiingereza ambalo wakoloni waliwaitia watawaliwa wote. Kirusi kikapewa jina la wilaya. Kilipozuka New York mwaka 1999, magazeti ya dunia yaliandika "West Nile" kila siku, na watu wa Arua wakajikuta wamekuwa jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 likiwataka wanasayansi wasiyape magonjwa mapya majina ya mahali. Kwa West Nile mwongozo ulikuwa umechelewa kwa miaka 75.

Siri ya mgonjwa ni lazima ilindwe, na hatusemi jina la mama yule lingechapishwa. Tunasema anwani inaweza kumficha mtu bila kumfanya kuwa sampuli ya taifa. Hali kadhalika zile tarehe za Kuluva. Kila tarehe ya kuanza kwa uvimbe ilianza kama jibu la mzazi kwa swali la mtu fulani, katika lugha fulani. Mama aliyeulizwa uvimbe ulianza lini huenda alijibu kwa msimu wa mvua, kwa mavuno ya mtama, au kwa msiba wa jirani, na mtu mwingine akaugeuza msimu kuwa mwezi. Hapo kati alikaa mkalimani au muuguzi. Hesabu yote ya jozi zilizokaribiana inaegemea kazi ya huyo mtu wa katikati, na sisi watu wa lugha, tunaosomea hasa mambo ya aina hiyo, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kumpa sentensi yake. Sentensi moja katika maelezo ya mbinu haiharibu ufupi wa makala yoyote.

Tulimweleza mwanafunzi wetu yote hayo, kwa urefu usiofanana na ushauri wenyewe. Alikwenda akakaa wiki tatu. Rasimu ya pili ilikuwa na maneno 2,600. Anwani ilitaja "iko" na "yupo", wachuuzi kumi na wawili, Vurra na mwaka wa utafiti. Aya ya kwanza ilisema wachuuzi tisa kati ya kumi na wawili walitumia maumbo yote mawili, na kwamba kilichoamua umbo gani litumike ni nani anayesikiliza. Aya ya pili ilisema wazi kwamba alitarajia wateja wa kutoka Aru ndio watakaovuta "iko", na kwamba hilo hakuliona: wachuuzi walisema "iko" kwa Waganda wenzao kwa kiasi kile kile. Misafara ya pwani ilikuwa imetoweka, na nadharia ilibaki sentensi nne. Palikuwa na sentensi moja juu ya mama aliyemfasiria Kilugbara, iliyosema ni muuza samaki na kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha mara ya kwanza kuwa "yupo" hutumiwa mtu akitaka kumweka mgeni mbali kidogo.

Mhariri aliipokea, akaipeleka kwa wasomaji wawili. Mmoja ameuliza kama wachuuzi hawakubadili usemi wao walipokiona kinasa sauti. Ni swali la haki, wala madaftari manne hayana jibu lake, na juma lililopita kijana amepanda tena basi la Arua.